Kuoksidisha butani kuwa maleiki anhidridi katika maabara ndogo

Mwongozo huu ni wa mwenye maabara ndogo hapa Tanga anayetaka kugeuza butani kuwa maleiki anhidridi, malighafi ya rezini ya poliesta wanayoitumia mafundi wa boti za faiba. Nimeuandika baada ya kumsaidia binti mmoja wa chuo ambaye hesabu yake ya kaboni, yaani iliyoingia kwenye mrija na iliyotoka, ilikataa kukubaliana.

Hatua ya 1. Pakia kichocheo cha vanadiamu na fosforasi kwenye mrija wa kwatzi, kisha jaza nafasi tupu kwa vipande vya kwatzi.

Hatua ya 2. Changanya mililita 1.2 za butani na 98.8 za hewa kwa dakika. Butani huweza kuwaka hewani ikifikia takriban asilimia 1.8, na joto hukishusha kiwango hicho, kwa hiyo usiongeze kwa tamaa ya mazao. Gesi ya mtungi wa jikoni siikubali hata kidogo: ina propani, tena imetiwa kiungo cha salfa ili inuke inapovuja. Vali ya butani iwe ya kujifunga yenyewe umeme unapokatika.

Hatua ya 3. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 400 hivi.

Hatua ya 4. Pasha bomba la kutokea. Anhidridi huganda chini ya nyuzi 53 hivi, na mmenyuko wenyewe hutoa molekuli nne za maji kwa kila molekuli yake. Penye ubaridi viwili hivyo hukutana vikawa asidi ya maleiki, ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 130. Binti yule alikuwa amezungushia mkanda wa joto bomba lote isipokuwa kiungo kimoja cha chuma kifupi kama kidole, na tulipokifungua tulikuta sindano nyeupe zimekaribia kuziba tundu lote. Pasha hadi nyuzi 180, funika kila kiungo, na upime joto juu ya kiungo chenyewe, kwa sababu kipimo kilichobanwa chini ya mkanda husoma joto la mkanda tu. Ncha inayozama kwenye chupa ya maji ya kunasia anhidridi nayo huziba, hata ukiwa mwangalifu. Tumia bomba pana, na mwishoni isuuze, maji hayo yaingie kwenye sampuli. Fanya haya chini ya kivuta hewa, kwani mvuke wake huchoma mapafu.

Hatua ya 5. Titresha maji ya chupa, yaani yatilie alkali kidogo kidogo mpaka asidi yote iishe. Tukichukua lita 24 kwa moli, butani ya saa moja ni milimoli 3. Ukitumia mililita 30 za alkali ya sodiamu haidroksidi ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), umepata milimoli 1.5 za anhidridi, yaani asilimia 50, kwa kuwa kila molekuli hula mbili za alkali. Asidi za asetiki na akriliki zikiwamo, namba hiyo itakuwa imevimba. Kwa hiyo pima pia kwa kromatografu, kifaa cha kutenganisha na kupima gesi, butani iliyobaki, kaboni monoksidi na kaboni dioksidi, kisha ulinganishe kaboni yote iliyotoka na iliyoingia. Ikipungua kwa zaidi ya asilimia 5, fungua viungo vya bomba kabla ya kukilaumu kichocheo.