Jenga kujiamini kwa kuandika uliyoyatenda

Wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri hutaka maneno ya kujiambia mbele ya kioo kila asubuhi. Mimi sianzii hapo. Mwanasaikolojia Albert Bandura, alipoandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu juu ya uwezo wake, alitaja vyanzo vinne: mambo uliyowahi kuyafanya ukafaulu, kuona wengine wakifaulu, kutiwa moyo, na hali ya mwili wako wakati huo. Cha kwanza alikiona ndicho chenye nguvu zaidi. Basi tutafute ushahidi.

Hatua ya 1: Orodhesha. Chukua daftari. (Simu inafaa pia, ila utaishia kusoma ujumbe.) Andika mambo yaliyokuwa magumu kwako ukayamaliza, tangu shuleni mpaka sasa. Kipimo ni ugumu wake kwako, si makofi uliyopigiwa. Kumuuguza mzazi huku unasoma kumo. Kumaliza deni kumo. Ukikwama, pekua vyeti na barua pepe za zamani.

Hatua ya 2: Andika ulichofanya, si ulichopata. Hapa usiharakishe. Mteja wangu mmoja aliandika, "Nilipata kazi ya uhasibu." Nikamuuliza, wewe ulifanya nini hadi ukaipata? Akaandika upya: "Nilijifunza programu ya hesabu usiku, peke yangu. Nilikataliwa mara kadhaa nikaendelea kutuma maombi. Kwenye usaili niliulizwa nisichokijua. Nikasema sikijui, nikaeleza nitakavyokitafuta." Kazi ile anaweza kuipoteza kesho. Uwezo wa kujifunza peke yake, kustahimili kukataliwa na kusema kweli akiwa amebanwa, atakwenda nao popote.

Hatua ya 3: Saka neno "bahati". Pigia mstari kila "bahati tu", "nilisaidiwa", "hata wewe ungeweza". Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake waliofaulu sana huku wakijiona walaghai ambao siku moja wataumbuka. Tabia hii ya kuona mafanikio yao yametokana na bahati au mengine ya nje, si wao wenyewe, ilikuwamo. Lakini usifute msaada ulioupata kweli, maana orodha ya uongo haitakusimamisha siku ya shida. Gawanya: "Rafiki alinipa taarifa ya nafasi, maombi niliyaandika mimi, usiku uleule." Najua tumelelewa na "chema chajiuza". Ni adabu nzuri mbele za watu, ila daftari hili ni la macho yako tu.

Hatua ya 4: Liunganishe na linalokutisha sasa. Chagua jambo moja. Tuseme unaogopa kuwasilisha ripoti mbele ya wakubwa. Tafuta mistari miwili inayokaribiana nalo. Labda uliwahi kumweleza mteja mwenye hasira mpaka akaelewa. Iandike juu ya ukurasa mpya, kisha chini yake andika kipande kidogo cha kazi unachoweza kukifanya wiki hii, kwa mfano kumsomea mwenzako dakika tano za mwanzo. Ukishakifanya, nacho kiingie kwenye orodha.

Hatua ya 5: Endelea. Mstari mmoja kwa wiki unatosha. Soma daftari kabla ya jambo gumu, usingoje uboronge kwanza. Na ikiwa kwa wiki kadhaa huoni cha kuandika, usingizi umepotea na hamu ya mambo imekwisha, weka kalamu chini umwone daktari au mshauri nasaha.