Kupanga chumba cha matibabu ya meno: anza na kichwa cha mgonjwa

Kabla ya kununua chochote, bandika selotepu sakafuni kufuata umbo la kiti kikiwa kimelazwa kabisa, takribani mita 2, kisha tia alama kichwa kitakapolala. Kifanye kichwa kuwa kitovu cha saa, 12 ikiwa upande wa utosi (namba za usoni mwa saa, si saa zetu za Kiswahili). Daktari anayetumia mkono wa kulia hufanya kazi kati ya 8 na 12, msaidizi kati ya 2 na 4. Vifaa hupokezanwa juu ya kifua cha mgonjwa. Toroli hukaa kati ya 12 na 2. Kwa daktari wa mkono wa kushoto, geuza vyote.

Acha sentimita 60 nyuma ya kichwa na 90 kila ubavu. Ukiongeza njia miguuni na kabati lenye sinki ukutani, unafika mita 3 kwa 3.5. Chini ya hapo msaidizi atafanya kazi kiuno kikiwa kimepinda siku nzima.

Panapoharibika zaidi ni chini ya sakafu. Maji, hewa, umeme, bomba la kufyonza na la maji machafu hutokezea pamoja karibu na kiti, na kila modeli ina mahali pake. Chagua kiti kwanza, umpe fundi mchoro wa kiwanda, ndipo zege limwagwe; vinginevyo utalivunja. Bomba la maji machafu lishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Penye kona tumia viungo viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90, kwani damu na chembe za kujazia meno hutuama hapo.

Kompresa (mashine inayosukuma hewa kwenye vifaa vya daktari) iwe isiyotumia mafuta, yenye kikausha hewa: mafuta au unyevu ukifika kwenye jino, kijazio hakishiki vizuri. Iweke nje ya chumba, penye hewa ya kutosha, maana hupiga kelele na kupata joto.

Mkono wa eksirei ni mzito, ufungwe kwenye ukuta imara, na swichi yake iwe angalau mita 2 mbali au nyuma ya kinga. Jua lisimulike kiti moja kwa moja: kijazio kinachogandishwa kwa mwanga kitaanza kukauka kabla hakijachongwa.