Jinsi ya kuomba hela ya ukarabati na vifaa vya shule au zahanati kwenye halmashauri ya mji, kuanzia mtaani mpaka kwa madiwani

Tangu shule ya mtaani kwetu ibadilishiwe bati watu hawaishi kuniuliza, eti halmashauri tulikuwa tunamjua nani. Hatukumjua mtu bana. Tulikataliwa mwaka mzima kwanza, tukakaa chini tukajifunza hela inapitia wapi, tukarudi upya. Mi nilikuwa kwenye kamati ya shule, ndo niliyekuwa naandika mihutasari na kutembea na bahasha, kwa hiyo naandika nilichokiona kwa macho.

Hii ni Tanzania bara, hasa halmashauri za miji, zile za kama Njombe, Korogwe, Babati, Masasi, Makambako. Ukiwa manispaa au halmashauri ya wilaya njia ni ile ile, majina tu yanabadilika, manispaa wana meya sie tuna mwenyekiti wa halmashauri, kijijini kuna mkutano mkuu wa kijiji mjini ni mkutano wa mtaa.

Kabla ya yote, angalia uko mwezi gani

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni, hilo kila mtu analijua, na ndo maana wengi wanapeleka barua mwezi wa tano au wa sita wakidhani wamewahi. Wamechelewa vibaya mno. Mwongozo wa kuandaa bajeti unatoka Wizara ya Fedha kwenye mwezi wa kumi na moja hivi, idara za halmashauri zinaanza kujaza mapendekezo yao, mwezi wa kwanza na wa pili madiwani wanakaa kuipitisha, halafu kitabu cha bajeti kinaenda mkoani, kinaenda TAMISEMI, kinaenda Hazina, na Bunge likianza kikao cha bajeti mwezi wa nne ya kwenu imeshafungwa zamani. Barua yetu ya kwanza iliingia masjala mwezi wa tatu. Tukajibiwa kwa ustaarabu kabisa kwamba ombi letu litazingatiwa mwaka ujao, yaani tulifika shughulini masufuria yameshaoshwa.

Kwa hiyo anzeni mwezi wa nane. Wa tisa ukizidi sana. Hapo katikati kuna vikao vitatu mpaka vinne na kila kimoja kinaweza kuahirishwa kwa sababu ya msiba, mwenge, au akidi haikutimia.

Jueni mnaomba nini, maana kila kitu kina mlango wake

Ukarabati wa jengo ni jambo la mhandisi. Kifaa ni jambo la idara inayokitumia, kitanda cha kujifungulia au jokofu la chanjo ni kwa Mganga Mkuu, madawati ni kwa Afisa Elimu. Kumalizia boma ambalo wananchi wameshalipandisha mpaka kwenye lenta hilo nalo ni fungu jingine. Sie barua ya kwanza tuliviweka vyote humo humo, bati, madawati, vyoo, uzio, na kompyuta mbili juu yake, ikawa barua ya kila mtu na haina mwenyewe.

Kingine, kabla hamjapanda juu angalieni hela iliyoko chini. Shule ya msingi inapata ruzuku ya uendeshaji, kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu, najua ni ndogo haiezeki paa, lakini kitasa na kioo kimoja inaweza. Zahanati nazo tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinapelekewa fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na zina makusanyo yao ya uchangiaji. Swali la kwanza mtakaloulizwa ni hilo, ya kwenu mmefanyia nini? Nendeni na jibu mkononi, hata kama jibu ni kwamba ilinunua chaki ikaisha.

Mkutano wa mtaa na ule muhtasari

Ombi lisilotoka kwa wananchi ni barua ya mtu binafsi, hata aliyeandika awe mwalimu mkuu. Kamati ya shule ikae, au ya zahanati, iandike muhtasari, halafu mwenyekiti wa mtaa aliweke kwenye ajenda za mkutano wa wakazi. Mikutano hii inatakiwa iitwe mara kwa mara ila kuna mitaa mnakaa mwaka hamjaitwa, basi mfuateni mtendaji wa mtaa mapema mumkumbushe kwa heshima.

Kwenye mkutano ule msiishie kusema wananchi wameomba. Iandikwe wameomba nini, wamekubali kuchangia nini wenyewe, mchanga, mawe, kubeba tofali, siku za kazi. Nguvu za wananchi zinahesabiwa, mhandisi anaziweka bei na zinaingia kwenye makadirio kama mchango wenu. Michango ya hela ni hiari lakini, msije mkamrudisha mtoto wa mtu nyumbani kisa mzazi hajatoa, hiyo itawaharibia ombi zima.

Na mahudhurio, jamani mahudhurio! Majina, sahihi, namba za simu, muhuri wa mtaa. Nimeona muhtasari mzuri umerudishwa kwa sababu karatasi ya mahudhurio ilibaki nyumbani kwa mtu.

Mhandisi aje aone

Hapa ndo wengi wanaparuka na hapa ndo penye kazi. Andikeni barua fupi kwa mkurugenzi wa mji mkiomba mhandisi wa ujenzi aje kukagua, ipitie kwa mtendaji wa kata. Ana kata zote hizo na gari moja, kwa hiyo itabidi mumfuatilie, na akija muwepo, mpandishe juu ya dari mwenyewe aone kenchi zilivyoliwa na mchwa, aone kinyesi cha popo, asiishie kupiga picha nje. Kwetu alipogonga mbao kwa nyundo ikaingia kama kwenye papai, pale pale akabadilisha neno kwenye daftari lake, alikuja akidhani anabadilisha bati kumbe ni paa lote.

Mnachotaka atoe ni makadirio ya gharama, BOQ kama wanavyoiita, na barua au ripoti yake inayosema hali ya jengo. BOQ inasema bati ngapi za geji gani, mbao zilizotiwa dawa futi ngapi, misumari, usafiri, ufundi. Kama vifaa, pateni bei ya Bohari ya Dawa kwa vile vya afya au ankara kifani za maduka kwa vingine. Tena mwambieni awagawie kazi vipande, chumba kwa chumba au jengo kwa jengo. Nitaeleza mbele kwa nini.

Kamati ya Maendeleo ya Kata

Watu wanaiita WDC tu. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa wanaingia humo. Hapa mnashindana na majirani zenu kabisa, mtaa wa pili unataka kalavati, wa tatu unataka choo cha soko, na kata itapeleka vipaumbele vichache tu. Diwani ndiye atakayeingia na muhtasari huu baraza, kwa hiyo kama hajawahi kukanyaga jengo lenu mleteni kabla ya kikao, na mvua ikinyesha siku hiyo mshukuruni Mungu.

Barua yenyewe isiwe ndefu, ya kwetu ya pili ilikuwa hivi, nimetoa majina:

*MKURUGENZI WA MJI,*
*K.K. MTENDAJI WA KATA.*

*YAH: MAOMBI YA FEDHA ZA KUEZUA NA KUEZEKA UPYA VYUMBA VIWILI VYA MADARASA, MWAKA WA FEDHA UJAO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Vyumba viwili vya darasa la kwanza na la pili havitumiki msimu wa mvua na wanafunzi wake wanahamia kwa zamu kwenye vyumba vingine. Mhandisi alikagua na ripoti yake imeambatishwa, pamoja na makadirio ya gharama. Wananchi wamekubali kutoa mchanga, maji na nguvu kazi ya kuezua (muhtasari umeambatishwa). Tunaomba sehemu iliyobaki ya gharama itengwe kwenye bajeti.*

Imeisha. Hamna haja ya kusema elimu ni ufunguo wa maisha, wanajua. Tengenezeni nakala nne, moja iende kwa afisa elimu au mganga mkuu, nyingine kwa afisa mipango, na yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hiyo yenye muhuri msimpe mtu.

Kule juu wanapima nini

Barua ikifika inapita kwanza kwa wataalam, wakuu wa idara wanakaa kama menejimenti, halafu kamati za madiwani, na kamati ya fedha ambayo inakutana kila mwezi ndo yenye kauli nzito, mwisho baraza zima. Mwananchi unaruhusiwa kuingia baraza la madiwani ukasikiliza, huongei, ila nenda hata mara moja.

Ukikaa pale utaacha kuwachukia. Mapato ya ndani ni yale ushuru wa soko, stendi, leseni. Humo asilimia 10 inatoka kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, sehemu nyingine inatakiwa iende maendeleo, halafu kuna posho, mafuta, madeni. Kinachobaki cha kukarabati kinagawanywa kwa kata zote.

Nilivyowasikia, cha kwanza wanatoa viporo, majengo yaliyoanza hayajaisha, maana wakaguzi kila mwaka wanawabana kwa hivyo. Halafu vyenye hatari, ukuta uliopasuka, paa linaloweza kudondokea watoto, choo kilichotitia. Halafu wanauliza huduma imesimama au inachechemea. Kwenye vifaa ndo wanakuwa wakali kweli, umeme upo? mtaalam wa kukitumia yupo? chumba kipo? kikiharibika nani anatengeneza? Kuna zahanati moja iliomba hadubini na haina mtaalam wa maabara, diwani mmoja akauliza tu itatumiwa na nani, kimya, ikapita ajenda nyingine. Kwa hiyo kwenye barua ya kifaa jibuni hayo kabla hawajauliza.

Sasa ugonjwa mkubwa wa kamati hizi, na hili ni langu naweza kupingwa, ni kugawana. Kila diwani anataka arudi na chochote, basi hela inakatwakatwa, bati thelathini huku, mifuko ya saruji kule, na mwaka unaisha hamna jengo hata moja lililoezekwa. Dawa yake ni kuomba kipande kinachoisha. Sie jengo lilikuwa na vyumba vinne, tukaomba viwili na BOQ ya viwili, tukasema viwili vingine mwaka unaofuata. Mkiomba milioni nyingi za shule nzima watakata watoe robo, na robo ya paa ni bati zilizolala stoo.

Mkikosa huku, kuna mfuko wa jimbo

Jina lake ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uko kwa sheria ya 2009, kamati yake mwenyekiti ni mbunge na katibu ni afisa mipango. Nyaraka ni zile zile, muhtasari, BOQ, barua. Hela yake si kubwa, inafaa kumalizia boma au kununua bati, na haingoji kalenda ya idara kwa ukali ule ule. Ila msiombe kitu kile kile huku na huku bila kusema, mkigundulika mnakosa kote.

Bajeti ikipita

Msishangilie bado. Kupita ni ruhusa, hela inakuja kadiri makusanyo yanavyoingia, inaweza kuwa robo ya kwanza inaweza kuwa ya nne. Ulizeni kasma yenu, yaani ule mstari wa hela yenu kwenye kitabu cha bajeti, imeandikwaje, mwaka mmoja tuliambiwa ukarabati wetu upo kumbe ni wa shule nyingine yenye jina kama letu, tuligundua kwa kusoma kitabu wenyewe.

Hela ikitua kwenye akaunti ya shule au kituo, kazi nyingi ndogo zinafanywa kwa fosi akaunti, mnanunua vifaa wenyewe na fundi wa kawaida anafanya kazi. Mtaunda kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na mtu wa manunuzi asiwe ndiye anayepokea. Manunuzi saivi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi wa mtandaoni, kwa hiyo mfanyeni urafiki afisa ugavi mapema, maana mtandao ukigoma mtakaa wiki mnaangaliana. Bati zikija pimeni geji mbele ya dereva. Kifaa kikija kiandikeni kwenye rejista ya mali siku hiyo hiyo, kipeni namba, kiwasheni.

Na fundi akiwaambia amemaliza, hela yake ya mwisho ikae kwanza. Subirini mvua moja ya maana, ingieni ndani na taa zimezimwa, angalieni juu.