Jinsi ya kuchagua na kutega mtego wa fuko kwenye shamba la viazi

Ukiona mche wa kiazi umenyauka ghafla ilhali wa pembeni yake umesimama vizuri, ushike uuvute. Ukitoka bila upinzani, mizizi imekatwa kama kwa kisu na viazi havipo, fuko amepita chini. Huku Molo, Elburgon na Kuresoi anaweza kuvuna tuta zima kabla mwenye shamba hajashika jembe. Asichokila papo hapo anakivuta hadi kwenye ghala lake ardhini. Wenzetu wa Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega wanamlilia kwa sababu ya viazi vitamu, mihogo na napia.

Kazi yangu ni kutega fuko kwenye mashamba ya watu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni mtego upi ununuliwe. Jibu lipo, na nitalitoa, lakini kwanza ujue njia ipi ya fuko inatumika leo. Mtego mzuri kwenye njia iliyoachwa haukamati kitu.

Vijana wengine huniuliza kuhusu bunduki ya hewa. Iacheni. Fuko huishi chini na hutokeza nje kwa nadra sana, kwa hiyo hutapata cha kulenga. Tena silaha Kenya ina leseni yake, na uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977. Ukizunguka mashambani na bunduki bila vibali utajitafutia kesi bure.

Sumu nayo nisikilizeni kwa makini. Kuna wanaochukua vile vidonge vya kuhifadhia mahindi, alumini fosfaidi, wakavitumbukiza shimoni. Vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo huua mtu, na hakuna dawa ya kuizimua ikishaingia mwilini. Njia za fuko hupita chini ya uzio, chini ya banda, wakati mwingine hadi karibu na ukuta wa nyumba watoto wanapolala. Sitaki kuona kidonge hicho shambani kwa sababu ya fuko.

Hatua ya 1: Hakikisha ni fuko

Fuko wetu huyu anayekula viazi ni mnene, ana meno marefu ya rangi ya chungwa yaliyotokeza nje ya midomo, macho madogo na mkia mfupi. Hurundika vichuguu vikubwa vya udongo. Magharibi ya Kenya, hasa sehemu za Kakamega na Mlima Elgon, yupo mnyama mwingine mdogo zaidi, manyoya yake yanang'aa na macho hayaonekani kabisa. Huyo huchimba juujuu, udongo ukainuka kama mshipa juu ya ardhi, na chakula chake ni minyoo na wadudu. Hali viazi vyako. Ukikuta mishipa hiyo bila vichuguu vikubwa na mimea haijakatwa mizizi, mwache aendelee na kazi yake.

Hatua ya 2: Tafuta njia inayotumika

Nenda asubuhi, umande ukiwa bado upo. Kichuguu kipya kina udongo mweusi, mbichi, unaobomoka ukiugusa. Cha zamani kimekauka juu, kimepigwa na mvua na pengine majani yameanza kuota. Tafuta vichuguu viwili vipya vilivyo karibu, kisha chukua chuma chembamba au kijiti kigumu kilichochongwa ncha na uchome ardhi katikati yake, ukisogea kidogo kidogo. Mkono utakuambia: chuma kinasukumwa kwa nguvu, halafu ghafla kinazama chenyewe. Hapo ndipo njia ilipo. Nyingi za kulia chakula ziko kina cha shubiri moja hivi. Kiota na ghala ni chini zaidi, na hapo hatutegi.

Fukua kwa jembe dogo au panga hadi njia ikatike. Utabaki na midomo miwili inayotazamana. Safisha udongo uliomwagikia ndani, uache wazi, uondoke.

Fuko hapendi upepo wala mwanga kwenye njia yake. Akihisi pameingia hewa, atakuja kuziba kwa udongo. Rudi baada ya saa moja au mbili uangalie. Mdomo uliozibwa kwa udongo mbichi, ulioshindiliwa vizuri, ndio upande alipo. Kama hakuna uliozibwa hadi kesho yake, njia hiyo imehamwa. Usipoteze mtego hapo. Wengi huruka kipimo hiki kwa haraka, kisha wanalaumu mtego.

Hatua ya 3: Chagua mtego

Kuna mitego ya chuma yenye spring'i na meno mawili yanayobana. Ni imara, inadumu miaka na mtu asiye na uzoefu anaweza kuitega. Ubaya wake ni bei ukihitaji mingi, kutu, na kuibiwa. Ukinunua, pima upana wa meno yakiwa wazi: yaingie njiani bila kukwaruza kuta. Ukilazimika kupanua njia ili mtego uingie, fuko atapita pembeni au atausukumia udongo hadi ufyatuke mtupu.

Mimi hupendelea mtego wa ufito na kitanzi. Vifaa viko shambani, na naweza kutega mingi kwa siku moja. Ufito uwe mbichi, urefu wa kama mita moja na nusu, wa mti unaopinda bila kuvunjika. Kaliandra na mlusina hufaa sana. Mti mkavu hauna nguvu ya kurudi. Kwa kitanzi, fumua kebo ya zamani ya breki ya baiskeli uchukue nyuzi zake chache. Waya huo ni laini, unateleza na haukatiki. Waya wa kufungia mbao ukishapinda haurudi, kwa hiyo sipendi kuutumia. Kamba iwe ya nailoni.

Hatua ya 4: Tega

Toboa tundu mbili ndogo kutoka juu ya ardhi hadi kwenye dari ya njia, zikifuatana. Ya kwanza iwe ndani kidogo, upande anakotokea fuko. Ya pili iwe karibu na mdomo uliofukua.

Chomeka ufito ardhini kwa nguvu, hatua moja kutoka njiani, na ufunge kamba mbili kwenye ncha yake. Kamba ya kwanza ipite tundu la ndani na ishike kitanzi. Kitanzi kikae wima, kimegusa kuta za njia pande zote, ili fuko akipita asikione kama kizuizi. Kamba ya pili ipite tundu la karibu na mdomo na mwisho wake ufungwe kijiti kifupi cha urefu wa kidole. Pinda ufito, kisha laza kijiti hicho kukingama chini ya tundu, kikae kama kifungo kilichokataa kupita tunduni mwake. Chini yake shindilia donge la udongo mbichi kukishikilia.

Fuko atakuja akisukuma udongo kwa kichwa na kifua, atapitisha shingo kitanzini, atagonga donge, kijiti kitageuka na kuchomoka tunduni, ufito utafyatuka na kumbana darini. Kitanzi kikiwa kimekazwa sawasawa fuko hufa upesi, na ndivyo inavyotakiwa. Jaribu ufyatuaji kwa kidole kabla ya kuondoka. Ukisukuma sana ndipo kifyatuke, punguza donge.

Mdomo wa pili uzibe kwa udongo ulioshindiliwa, au tega na huko pia kama hukupata uhakika wa upande. Funika shimo ulilofukua kwa majani na udongo kidogo, ukiacha upenyo wa kupitisha kidole. Ukiacha wazi kabisa, fuko atakuja na udongo mwingi kutoka mbali na kufukia kitanzi kabla hajakifikia.

Hatua ya 5: Kagua, na uendelee kukagua

Pitia mtego jioni na asubuhi. Vaa glavu au shika mzoga kwa mfuko wa plastiki, maana viroboto huhama mwili ukipoa. Uzike mbali na mbwa. Kama umemwita fundi wa kutega, elewaneni bei ya kila kichwa mapema, na aonyeshe mzoga kabla ya malipo.

Kila fuko mzima huwa na njia zake peke yake, lakini njia zikibaki tupu mwingine huhamia. Bomoa ulizozipata kwa jembe, na rudi na chuma chako baada ya wiki. Zungumza pia na jirani atege siku zile zile, kwani uzio haumzuii fuko. Watu wengi hupanda mmea wa utupa mpakani kumfukuza. Upande ukitaka, lakini fuko aliyekwisha kuingia kwenye viazi usimwachie utupa akutolee. Mtegee kabla ya kuvuna, mashina yakiwa bado yanaonyesha anapokula.