Jinsi ya kumwombea ndugu yako tiba ya methadoni ukiwa Mtwara au Lindi

Mdogo wangu aliachishwa unga, yaani heroini, mara tatu kwa kufungiwa chumbani. Mara ya tatu alikaa siku 12. Arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ikaisha, akala wali akamaliza sahani, mama akalia kwa furaha. Kisha malipo ya korosho yakatoka, hela ikawa mkononi, akarudi kijiweni. Nia alikuwa nayo. Ila mwili uliozoea heroini huendelea kuidai miezi na miezi baada ya arosto kwisha, na hapo ndipo inapotakiwa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini mwilini. Njia ya kuipata naieleza hapa, pamoja na mahali tulipojikwaa.

Kabla ya yote, usimfungie ndani ili "awe msafi" ndipo umwombee methadoni. Tiba hii hupokea mtu ambaye bado anatumia. Tena kumfungia ni hatari: akikaa wiki mbili bila unga, mwili unasahau kipimo chake, na kete ileile aliyokuwa akiimudu inaweza kumkata pumzi. Dawa inayotaka mtu awe hajagusa unga kwa siku 7 hadi 10 ni naltreksoni. Hiyo huziba mahali heroini inapojishika kwenye ubongo, na mtu akiimeza unga ukiwa bado mwilini, arosto humjia yote kwa mkupuo. Ni dawa mbili tofauti. Wengi mitaani huzichanganya.

Anza kwa simu. Namba 119 ni ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na kupiga ni bure. Uliza ni kliniki ipi ya methadoni iliyo jirani zaidi inayopokea wapya, siku gani, na wanataka karatasi zipi. Andika majibu yote. Sisi hatukupiga. Tulipanda basi la alfajiri hadi Dar es Salaam, ambako tiba hii ilianzia Muhimbili mwaka 2011 kisha ikafika Mwananyamala na Temeke. Kwenye kliniki tuliyokwenda tukaambiwa wapya wana siku yao, na waje na barua. Tulilala kwa watu wiki nzima na mgonjwa mwenye arosto.

Kisha nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa wa Mtwara, Sokoine kwa wa Lindi, ulizeni huduma ya afya ya akili. Mbele ya daktari aseme kweli yote: anavuta au anajidunga, kete ngapi kwa siku, tangu lini. Ataje na pombe na vidonge vya usingizi, kwa kuwa vikikutana na methadoni vinaweza kuzima pumzi. Kama yuko kwenye dozi ya TB, bebeni kadi yake ya dawa. Rifampisini huipunguza nguvu methadoni mwilini, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo hufanya hivyo, kwa hiyo kipimo chake kitahitaji kurekebishwa. Mama mjamzito asiogope kwenda. Kwake methadoni ni salama kuliko kuacha unga ghafla. Msiondoke hapo bila barua ya rufaa.

Barua ya serikali ya mtaa au kijiji chukueni hata kama hamjaambiwa. Watumiaji wengi vitambulisho vyao vimepotea au vimewekwa rehani, basi mwombe mtendaji abandike picha ya pasipoti kwenye barua na kugonga muhuri juu yake. Ilitusaidia sana.

Jambo litakalowatesa kuliko karatasi ni mahali pa kulala. Methadoni hunywewa kila siku, Jumapili na Idi pia, na mwanzoni hunywewa palepale kliniki. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo msifikirie kwenda na kurudi. Ni kuhama. Kaeni kikao cha ukoo kabla ya safari: atalala kwa nani, nauli ya daladala ya kila siku inatoka wapi, nani atakuwa msimamizi wake. Kwetu mjomba alisema, "Mpwa wangu atakaa kwangu, lakini hela yake ya korosho inakaa kwangu pia." Mdogo wangu akakubali. Sidhani kama tungefika popote bila maneno hayo.

Kliniki watamhoji, watapima mkojo, damu kwa ajili ya VVU na homa ya ini, watamchunguza TB, kisha ushauri nasaha. Dawa yenyewe hailipiwi. Dozi ya kwanza ni ndogo, kwa kawaida haizidi miligramu 30, nayo hupandishwa taratibu. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Siku za mwanzo atalalamika kwamba haimkolei. Mkalie karibu asiongezee unga juu yake, maana methadoni hujilundika mwilini polepole na wiki mbili za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kuzidiwa. Ukimwona anakoroma vibaya na haamki, mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Siku ya kwanza nilisimama nyuma yake dirishani. Nesi alimpa kikombe cha plastiki chenye dawa ya maji chini kabisa, akanywa. Akatiliwa maji kwenye kikombe kilekile, akasukutua, akameza. Kisha nesi akamwuliza, "Umelalaje, kaka?" Nikadhani ni salamu. Kumbe anataka asikie sauti, ajue dawa imeshuka kooni.

Akikosa siku tatu mfululizo, asidai dozi yake ya zamani. Aeleze ukweli, wataianza chini tena. Na msiba ukitokea nyumbani, Newala au Kilwa, aende kwanza dirishani kuuliza utaratibu wa safari, halafu ndipo akate tiketi.