Jinsi ya kujaza hati ya kutokea nje hapa Ufaransa, ukiwa na gari na raba za mazoezi (Novemba 2020)

Haya niliyaandika mwishoni mwa Novemba 2020, wakati wa kufungiwa ndani kwa sababu ya Covid-19, ambapo hakuna aliyeruhusiwa kutoka nyumbani bila hati inayotaja sababu yake. Sheria hizo zilikwisha na hati hiyo haitakiwi tena; kila ninachosema hapa kuwa ni cha sasa ni cha siku zile. Tangu Jumamosi ya 28 Novemba 2020 kamba imelegezwa kidogo. Ile ruhusa ya mazoezi na matembezi ya muda wa saa 1 na umbali wa kilomita 1 kutoka nyumbani, tuliyofungiwa nayo tangu 30 Oktoba, sasa imekuwa muda wa saa 3 na umbali wa kilomita 20. Watu wetu wengi hapa Marseille wameipokea habari hii kana kwamba hati imefutwa. Haijafutwa. Hati bado inatakiwa na faini ya kutokuwa nayo ni ileile, euro 135. Kilichobadilika ni kwamba sasa ina maana kuwasha gari kwenda mahali pa kukimbia au kutembea, maana sheria mpya inataja wazi safari ya kwenda mahali pa wazi. Kwenye kilomita 1, gari ungelipeleka wapi?

Hati yenyewe huitwa attestation de déplacement dérogatoire, yaani hati ya ruhusa maalumu ya kutoka. Lishike jina hili hata kama Kifaransa chako bado kinachechemea, kwa sababu askari akikusimamisha atasema neno la kwanza tu: attestation.

Kuipata hulipii senti. Akitokea mtu wa kukuuzia, mwache aende zake. Ukiwa na simu, ingia kwenye ukurasa wa Wizara ya Mambo ya Ndani au programu ya serikali ya TousAntiCovid, jaza, nayo itakutolea hati yenye msimbo wa QR. Wanaohofia kuandikwa kwenye daftari la serikali wajue kwamba ule ukurasa hutengeneza hati ndani ya simu yako mwenyewe. Huna simu ya maana? Chapisha fomu, au chukua karatasi nyeupe unakili maneno yote kwa mkono, kisha utie sahihi. Karatasi ya mkono inakubalika kabisa. Mimi huwa nayo moja ndani ya gari, kwa sababu chaji huisha siku ile ile unayosimamishwa.

Kujaza sasa. Palipoandikwa nom ni jina la ukoo, na prénom ni jina lako la kwanza. Sisi wa majina matatu, ya baba na ya babu, hapa ndipo tunapojichanganya. Usiandike unavyoitwa nyumbani. Fungua kadi yako ya ukaazi au pasipoti, nakili herufi kwa herufi. Tarehe na mahali pa kuzaliwa vivyo hivyo. Kwenye anwani andika nyumba unayolala. Wapo wanaopokelea barua kwa ndugu au kwenye ofisi ya chama huku wakiishi mtaa mwingine. Kilomita zako 20 zinahesabiwa kutoka mlangoni pako, hazihesabiwi kutoka kwenye sanduku la barua.

Baada ya hapo ni sababu ya kutoka. Visanduku viko vingi, vya kazi, duka, hospitali, ndugu anayehitaji msaada na kadhalika. Cha mazoezi kitafute kwa maneno plein air, yaani mahali pa wazi. Kisanduku hicho kimoja kinabeba mazoezi ya mtu binafsi, matembezi na watu mnaoishi nyumba moja, na kumtoa mbwa. Hakibebi mchezo wa pamoja. Kandanda ya Jumapili pale uwanjani, hata mkiwa sita tu, haimo. Wala haimo kumpitia rafiki wa mtaa wa pili ili mkakimbie naye: hakai kwako.

Halafu kuna saa, na hapa nisikilizeni vizuri ndugu zangu mnaosema Kiswahili, maana kosa hili ni letu peke yetu. Fomu inataka saa uliyotoka, kwa saa za Kifaransa, kuanzia 0 hadi 23. Ukitoka saa tisa na robo alasiri, andika 15:15. Mimi mwenyewe yalinikuta mapema mwezi huu: akili ilikuwa nyumbani, mkono ukaandika 9:15. Askari alisoma, akatazama saa yake, akanitazama mimi. Kwa hesabu yake nilikuwa barabarani tangu asubuhi, na wakati huo ruhusa ilikuwa saa 1 tu. Nilieleza nikaeleweka, lakini si kila askari ana subira ya kufundishwa kuhesabu saa za mchana kuanzia mawio ya jua.

Jaza kabla ya kutoka. Hati ya simu huandika pia saa iliyotengenezwa, nayo imo ndani ya msimbo. Ukiona kizuizi mbele ukaanza kubonyeza haraka haraka, mashine ya askari itasoma kwamba hati imezaliwa dakika moja iliyopita.

Kuhusu gari, mambo mawili. La kwanza ni umbali. Kilomita 20 hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka nyumbani kwako, urefu wa barabara hauhesabiwi, na hiyo ni neema kwa sisi tulio katikati ya milima na bahari. Fungua Géoportail, tovuti ya ramani ya serikali, weka anwani yako, ichoree duara. Kwa anayeishi karibu na Vieux-Port, bandari ya zamani katikati ya Marseille, mji wa pwani wa Cassis umo ndani ingawa barabara inazunguka sana. Mji wa Aix-en-Provence uko nje, hata kama mkeo ana shangazi huko.

La pili ni muda. Zile saa 3 zinaanza unapofunga mlango wa nyumba, na zinaisha unapoufungua tena. Safari ya gari imo humo. Mimi nikitoka katikati ya mji kwenda Luminy, mtaa ulio ukingoni mwa mji, nikaegesha pale na kushuka kwa miguu kuelekea Sugiton, ghuba ndogo ya bahari kati ya miamba, hesabu yangu ni nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi kama foleni imekuwa na huruma. Zinabaki saa 2 za miguu, na kule kurudi ni kupanda mlima. Ukiona umeshatembea dakika 50, geuka.

Kila mtu mzima ndani ya gari awe na hati yake. Hati ya dereva haiwafuniki abiria. Mtoto anayetoka peke yake naye anahitaji ya kwake. Chukua kitambulisho, leseni na karatasi za gari kama siku zote, na barakoa.

Wenye kazi msichanganye: safari ya kazini ina hati nyingine, ambayo mwajiri huijaza na kuipiga mhuri, na hudumu kwa muda alioandika. Ile haikupi ruhusa ya kwenda kukimbia msituni baada ya zamu. Kwa msitu jaza ya plein air.

Ukipigwa faini, usibishane barabarani. Ukirudia kosa ndani ya siku 15 inakuwa euro 200, na ukikamatwa zaidi ya mara 3 ndani ya siku 30 kesi inaweza kufika mahakamani, hadi euro 3,750 na kifungo cha miezi 6. Ilani inakuja kwa barua. Usipoishughulikia kwa siku 45, zile 135 zinakuwa 375. Kama unaamini umeonewa, una siku hizo hizo 45 za kupinga kwa maandishi, ukiambatanisha hati uliyokuwa nayo siku ile. Kwa hiyo usifute hati za zamani kwenye simu. Na ukitaka kupinga, usilipe kwanza. Kulipa ni kukiri kosa, na pingamizi lako litakuwa limeishia hapo.