Optimus Prime yuleyule, vimo vitatu: umchukue yupi?

Optimus Prime ni mwanasesere wa transfoma: roboti anayegeuka lori. Ukiulizia transfoma Ngamiani, hapa Tanga, taja na neno "roboti", usije ukaelekezwa kwa fundi umeme. Halafu beba rula.

Kwenye boksi la Hasbro, kampuni inayomtengeneza, huandikwa daraja. Core ana sentimita 9 hivi, Deluxe 14, Voyager 18. Leader ndiye anayewachanganya wengi, kwa sababu daraja hufuata bei na wingi wa plastiki, wala si kimo. Optimus wa toleo la Earthrise la mwaka 2020 ni Leader, lakini akisimama ni sentimita 18 tu, sawa na Voyager. Pesa iliyozidi imeingia kwenye tela lake. Mtoto asiyejali tela, usimlipie.

Kwa anayenunua mmoja tu, tunashauri Voyager. Viwiko na magoti yanakunja vizuri, na vipande vyake vinashikika. Core anaingia mfukoni, ila huvishinda vidole vya mtoto mdogo, na mikono yake huchomoka. Ikichomoka haijavunjika: elekeza gololi, yaani kile kichwa cha duara cha ungio, kwenye tundu lake, sukuma mpaka isikike "tak". Angalia pia umri ulioandikwa. Penye 8+, mtoto wa miaka mitano atalazimisha kipande ambacho si zamu yake, na hapo ndipo bawaba hukatika. Huyo mtafutie anayegeuka kwa hatua moja.

Sasa hawa wakubwa wa bei poa wanaouzwa bila boksi. Wengi ni feki waliokuzwa kutoka umbo dogo. Kimo kikizidi mara moja na nusu, uzito huzidi mara tatu na ushei, lakini maungio hayaongezeki nguvu kwa kiasi hicho. Kwa hiyo mpime papo hapo: mshike kiunoni, nyanyua mikono yote miwili iwe mlalo, mtikise taratibu. Ikishuka yenyewe, mrudishe. Kisha mgeuze awe lori na umsukume mezani. Magurudumu yote yaguse, na kifua kisibaki na mwanya. Plastiki inayopitisha mwanga kama kioo cha dirisha ikaguliwe kwa makini zaidi karibu na pini, maana hupasuka upesi.

Gololi iliyolegea ina dawa: ichomoe, ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, safu moja nyembamba, uiache usiku kucha. Ukiirudisha ikiwa mbichi itaganda humo humo.

Akishapelekwa ufukweni Raskazone, msuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mkung'ute, mkaushe kivulini. Mchanga hukwaruza maungio, na chumvi huzitia kutu skrubu na pini za chuma. Kwa Leader kazi hii ni ndefu, ana skrubu nyingi.

Na kama nyumbani tayari yupo Bumblebee wa Deluxe, roboti mwenzake anayegeuka kigari, chukua Optimus wa Voyager. Ukichukua wa Deluxe, lori litalingana na kigari.